Mashine ya kuoshea vyombo haipashi maji moto: kabla hujaita fundi, nenda kaangalie taa ya LUKU

Hebu itazameni hii sahani. Naisogeza karibu na kamera. Napitisha kidole hapa pembeni... mmeona alama hiyo? Hiyo ni samli ya pilau ya jana. Sahani hii imekaa ndani ya mashine masaa mawili na dakika kumi, imepigwa maji juu na chini, kidonge kizima cha sabuni nimekitia humo, halafu mashine ikalia ule mlio wake na kioo kikaandika sifuri. Maana yake imemaliza. Imemaliza nini, jamani? Samli si hii hapa!

Karibuni tena jikoni kwangu. Nilikuwa nimewaahidi leo tunachambua ea fraya, na wengi mmeniandikia mnaisubiri. Itakuja Alhamisi ijayo, iko pale kabatini, nimeshaipikia mara nne. Ila leo nimeshindwa kuvumilia. Hii mashine nilishawasifia humu ndani mwaka jana, kuna watu wamenunua kwa sababu yangu, kwa hiyo nina deni nanyi. Sitaji chapa, maana nimegundua shida hii si ya chapa moja. Ni mtumba wa Ulaya, ya sahani kumi na mbili, nilichukua kwa laki sita na nusu. Mambo ya makapu na programu nilishawaonyesha, siyarudii.

Wiki tatu nzima nimelaumu sabuni. Nimebadilisha vidonge, nimenunua vya bei mbaya, nimeongeza kile kimiminika cha kung'arishia glasi. Bure. Kilichonifungua macho ni pilau. Siku za samaki wa nazi vyombo vilikuwa vinatoka safi, nikasema afadhali imepona. Siku ya pilau ya samli, utando. Siku ya supu ya mbuzi, ndiyo balaa, sahani zinateleza kama zimepakwa nta. Mafuta ya nazi yanaanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa joto letu la Machi hapa Dar muda wote ni maji. Samli inataka thelathini na kitu ndipo iyeyuke sawasawa. Mafuta ya mbuzi yanataka zaidi ya arobaini. Kwa hiyo vyombo vyenyewe vilikuwa vinaniambia: dada, humu ndani maji ni ya bombani tu.

Dalili nyingine mbili ambazo nilikuwa naziona na sizitilii maanani. Kidonge cha sabuni kinabaki nusu, kimeganda pale kwenye kile kidirisha cha mlangoni. Na vyombo vinatoka vimelowa chapachapa. Mashine nyingi za aina hii hazina feni ya kukaushia, zinategemea yale maji ya mwisho ya moto. Vyombo vinabaki na joto, unyevu unapanda kama mvuke, unaenda kugeuka matone kwenye kuta za chuma na kushuka chini. Maji ya mwisho yakiwa baridi, hakuna cha kukauka hapo. Utakaa na kitambaa ufute kimoja kimoja, na kwa kweli sikununua mashine ili nifute sahani.

Sasa kilichoniudhi zaidi, na hapa nisikilizeni vizuri. Kioo hiki cha mbele kinaonyesha dakika zilizobaki. Kinaonyesha chumvi imeisha. Kinaonyesha mlango uko wazi. Joto la maji hakionyeshi! Programu imeandikwa 65, nikibonyeza inawaka 65, lakini hiyo 65 ni ombi, si kipimo. Ndani kuna sensa inayopima joto kila wakati, mashine inalijua joto. Inachofanya hii yangu ni kusubiri muda fulani, ikiona maji hayapandi inaendelea na safari yake kama kawaida. Zipo zinazosema ukweli: Bosch nyingi zinaandika E09 hita ikiwa na tatizo, LG zinaandika HE. Hii yangu kimya. Hilo siwezi kulisamehe.

Haya, tulithibitishe. Hiki ni kipimajoto changu cha nyama, mnakijua. Nimewasha programu ya 65, sasa ni dakika ya ishirini na tano. Nafungua mlango taratibu, nasubiri mikono ya maji isimame, natumbukiza ncha pale chini kwenye maji karibu na chujio. Ishirini na nane... ishirini na tisa. Imesimama. Ishirini na tisa! Maji ya simtanki langu juani saa nane mchana yana joto kuliko hayo.

Sasa twendeni nje, mpiga picha wangu nifuate. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji hata bisibisi.

Hii ni mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Ioneni hii taa nyekundu ndogo inayowakawaka. Pembeni yake kuna maandishi madogo, yangu yanasema 1000 imp/kWh. Maana yake kila taa ikiwaka mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Mita yako inaweza kuwa na namba nyingine, soma ya kwako. Sasa hivi nyumbani nimezima kila kitu. Friji nimechomoa, feni zote, chaja zote, hata ruta ya intaneti. Kinachofanya kazi ni mashine ya vyombo peke yake, na iko kwenye kuosha. Hita ya mashine hizi kwa kawaida ni kama wati 2000. Wati 2000 ni uniti mbili kwa saa, yaani taa iwake mara elfu mbili ndani ya saa moja, kila sekunde mbili kasoro kidogo. Pampu peke yake mara nyingi haifiki hata wati mia. Tuhesabu pamoja, nimewasha saa ya simu.

Imewaka. Moja... kumi... kumi na tano... bado... ishirini na tano... thelathini na tano... arobaini, imewaka! Sekunde arobaini baina ya moja na nyingine. Hizo ni wati tisini. Hapo ni pampu inazungusha maji, hita haijaingia kazini kabisa. Mashine imeosha pilau kwa umeme wa balbu moja ya zamani.

Mnaona uzuri wake? Umekaa nje na kikombe cha chai, umeshajua tatizo ni umeme kutofika kwenye hita au hita yenyewe kukatika, si sabuni. Wenye mita zilizopandishwa juu ya nguzo, poleni, nyie tumieni kipimajoto. Na hata kama mashine yako ni nzima, fanya jaribio hili siku moja uijue taa yako inavyokimbia, siku ikipungua utajua mapema. Nililifanya pia kwa birika la umeme nikalipenda, ila hiyo video ni ya siku nyingine.

Turudi jikoni. Kabla ya kufungua chochote, chujio. Mashine nyingi haziruhusu hita iwake mpaka zihakikishe maji yanazunguka kwa nguvu, maana hita ikiwaka bila maji inaungua. Chujio likiziba, au maji ya tangi yakiingia kidogo, hita inanyimwa ruhusa. Nalizungusha hivi, nalitoa. Angalieni: iliki, iliki, karafuu, punje za wali, kipande cha mdalasini. Nimeosha kwa mswaki, nimerudisha, nimejaribu tena. Taa ya LUKU ile ile, sekunde arobaini. Basi si chujio, lakini kwako linaweza kuwa ndilo, na halina gharama.

La pili, ekstensheni. Wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 ni karibu ampea 9. Ule waya mwembamba wa kuchajia simu usithubutu kuuchomekea hapa. Na zile friji gadi ndogo, soma ampea zilizoandikwa mgongoni kwanza. Nguvu ya hita inashuka haraka kuliko umeme unavyoshuka: ukikuta mtaani kwenu jioni umeme umekuwa mdogo, volti 180, ile hita ya 2000 inakupa kama 1200 tu. Maji yatapata moto ila kwa kuchelewa. Yangu imechomekwa ukutani moja kwa moja, kwa hiyo si hapo.

Na ndugu zetu wa Marekani wanaotaka kuwatumia mama zao mashine kwenye kontena, tafadhali sana, zile ni za volti 120 na ukichomeka hapa bila transfoma kubwa, unachoma hita na bodi siku hiyo hiyo. Kuna kitu kizuri kwenye zile, hita yake nyingi unaiona kwa macho, duara la chuma liko pale chini ndani ya mashine. Lakini zimezoea kuungwa kwenye bomba la maji moto, sisi wengi tuna bomba moja la baridi. Tumeni kitu kingine.

Sasa mita ya fundi, ile ndogo ya mkononi ya kupimia nyaya. Nachomoa plagi. Nairudia: plagi iko mkononi mwangu, mnaiona. Nimezima na maji. Nimeilaza mashine kwa mgongo juu ya mkeka, nimefungua bati la chini. Hita ya hii ni bomba la chuma liko pembeni ya pampu, lina miguu miwili ya waya. Nachomoa waya. Mita hii ya njano ya bei ndogo naiweka kwenye omu 200, hapo inapima waya unavyoukinza umeme. Kwanza nagusanisha ncha zake zenyewe, inasoma 0.4, nzima. Naweka ncha huku na huku... 26.3. Hita nzima hiyo! Volti 230 kwa omu 26 inakupa wati 2000 na ushee, ndiyo hesabu yenyewe. Ingekuwa imekatika, mita ingebaki na ile 1 pale kushoto, maana yake umeme hauna njia. Nageuza mita kwenye omu za juu kabisa, nagusa mguu mmoja na bati la mashine: inabaki 1, hakuna uvujaji ambao mita hii inauona. Kama hapa ungepata namba, mashine yako ndiyo ile inayoangusha breka au inayokupiga shoti, na usiichomeke tena.

Hapo ndipo nilipokasirika upya. Duka moja nilikopeleka mwanzo walinipigia hesabu ya laki tatu na themanini, wabadilishe pampu na hita kwa pamoja, maana kwenye baadhi ya mashine mpya vimeunganishwa na haviuzwi kimoja kimoja. Hawakuigusa na mita. Hita iliyo nzima!

Nikampigia fundi redio wa mtaani, kijana mtaratibu sana. Kaangalia namba zangu akasema, "Dada, hita haina shida, umeme ndio haufiki." Akatoa bodi mlangoni, akaigeuza. Kamera isogee... hapa. Kile kisanduku cheusi ni rilei, ndicho kinachoiruhusu hita. Chini yake, kwenye mguu mmoja, risasi ya kulehemu imezungukwa na kamstari keusi kama nywele. Imepasuka. Kila hita inapowaka pale panapata joto, inapozima panapoa, miaka inakwenda mpaka panaachia. Aliisafisha, akailehemu upya, na kwa kuwa rilei yenyewe ilikuwa imechoka akaweka nyingine. Vyote pamoja elfu ishirini na tano.

Kingine alichonionyesha ni utando mweupe kwenye bomba la hita. Mimi natumia maji ya kisima. Ile chumvi maalumu ya mashine inasaidia kuondoa chokaa kwenye maji, nami nilikuwa naiacha iishe wiki nzima nikisema maji yetu yana chumvi tayari. Kumbe chumvi ya kisima na ile ni vitu viwili tofauti. Nimejaza, na chumvi laini ya mezani sitii tena.

Nilipoanza kurekodi nilitaka kuwaambia msinunue. Sasa nasema hivi: kwa laki sita na nusu, yenye bodi inayotengenezeka mtaani, mimi nabaki nayo, na kile kioo nitaendelea kukilalamikia. Ukienda dukani muulize muuzaji, hii inaonyesha joto? Ikipata hitilafu ya hita inaandika nini? Asipojua, mwambie aiwashe mbele yako ukiwa na kipimajoto.

Haya, jaribio. Sahani ile ile ya samli, sijaiosha. Programu ya 65. Niko nje kwenye LUKU... moja, mbili, imewaka. Moja, mbili, imewaka! Ona inavyokimbia! Naingia ndani, dakika ya ishirini na tano, nafungua. Mvuke huo, lenzi imepata ukungu, subirini niifute. Kipimajoto... hamsini na nane, sitini, sitini na mbili. Naifunga imalizie.

Imelia. Naitoa sahani, ina moto mpaka naishika kwa kitambaa. Napitisha kidole hapa pembeni. Sikilizeni inavyolia.