Boksi la besi za vijumba vya vita: vibao vizuri, majani si ya kwetu

Assalam aleikum wana gemu za vita za mezani, najua Unguja nzima hatufiki hata wa kujaza daladala moja, lakini hao hao wachache kila siku wananiuliza kwenye simu lile boksi vipi, lile boksi vipi, sasa leo naandika mara moja tu halafu nisiulizwe tena jamani.

Kwa asojua, sie tunapiganisha vijiaskari vya milimita 28 (inapimwa kutoka nyayo mpaka machoni, sio mpaka utosini, hapa watu huwa wanagombana), na nyumba tunajenga wenyewe. Nyumba ukiieka mezani hivi hivi tupu inaonekana kama boksi la viatu mtu kalisahau. Ndo hapo inapokuja besi, sio ya muziki, ni kile kibao cha chini ambacho nyumba inakikalia halafu unakipamba udongo, mawe, majani, mpaka nyumba ionekane imeota pale pale. Na inasaidia pia kuta zisibanduke kona kila ukiinyanyua.

Basi niliagiza boksi la vifaa vya besi kutoka Uingereza, jina la kampuni silitaji mana nna ya kulalamika na sitaki maneno. Elfu 90 na usafiri ndani yake, kutoka Dar akaja nalo shemeji yangu kwenye begi kwa boti, akafungua akaona paketi ya majani akaniuliza umeanza kufuga sungura? Ndani mna vibao 4 vya MDF (mbao ya unga wa miti ulogandishwa kwa gundi), kikopo cha rojo la mchanga, paketi 2 za majani ya nailoni, karatasi ya vichaka vya kubandika, na mfuko wa magome ya koki (sio ya bomba, ile ya vizibo vya chupa) yalovunjwa vunjwa.

Mradi wangu mnaujua, vita vya tarehe 27 Agosti 1896, vile tulosomeshwa skuli. Saa 3 kamili asubuhi muda alopewa na Waingereza Khalid bin Barghash, alojitangaza Sultani, atoke kwenye kasri ukaisha, dakika 2 baadae mizinga ya Waingereza ikaanza, na kabla ya saa 4 kasri ishachakaa, meli ya Sultani ile Glasgow ishapigwa inazama, na Khalid mwenyewe kashakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Wengi wanasema vita vyote dakika 38. Sie kupanga meza peke yake saa 2 na chai juu. Kwa hiyo nahitaji nyumba za Mji Mkongwe, nyingi, zilobanana, na hapa ndo boksi lilipoanza kunionesha kwamba alolitengeneza hajawahi kupita hata uchochoro mmoja wa huku.

Nianze na vibao mana ndo kitu bora humo ndani. Milimita 3 unene, vimekatwa kwa leza, pembeni vimechongwa mshazari ili mtu asione ngazi pale kibao kinapokutana na meza. Wallahi mshazari ule kuupata kwa mkono ni kazi, mie nishawahi kukaa na msasa jioni nzima kwa kibao kimoja na bado kikatoka kama kimetafunwa na panya. Hapa hawana mpinzani.

Tatizo ni ukubwa. Vimepimwa ili kila upande wa nyumba ubakie sentimita 3 za uwanja. Kwao huko sawa, nyumba ina bustani na uzio. Sasa hebu piga hesabu na mie: vijiaskari vyetu ni kama 1 kwa 56. Nyumba mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, 3 na 3 ni 6, mara 56 ni mita 3 na sentimita 36. Huo si uchochoro yakhe, hapo gari inapita! Uchochoro wa mita 2 mezani ni sentimita 3 na nusu tu, yaani kila nyumba iachiwe sentimita 1.7 au 1.8 hivi. Na bado kijiaskari kwenye kisahani chake cha milimita 25 kinapita vizuri, nimejaribu. Na hiyo nafasi ya pembeni isibaki tupu, pale ndo pa kueka baraza, mana nyumba ya mjini bila ya baraza ni ghala. Baraza la sentimita 45 kwenda juu linatoka milimita 8, nikakata ukanda wa kadibodi nene nikaubandika chini ya ukuta na mlango katikati, imekaa vizuri mpaka nikatamani kumkalisha mzee na kahawa yake. Kwa hiyo vibao vyote 4 nimevikata upya, na kwenye kukata ndo ule mshazari mzuri nilousifu ukaondoka pande mbili. Inauma.

La pili, kupinda. Karatasi ya maelekezo imesema paka gundi, mwaga mchanga, acha usiku kucha. Usiku kucha ya nani? Mie nilifanya mwezi wa Aprili, masika yamekaza, siku ya pili gundi bado inanata, siku ya tatu kibao kimepinda kama kigae. Gundi nyeupe ya mbao ina maji, upande mmoja wa MDF unakunywa maji unavimba, upande wa pili mkavu, lazima kipinde tu. Hili si kosa la kampuni moja kwa moja, lakini neno moja tu kwenye karatasi lingeniokoa. Dawa yake: kwanza paka vanishi au rangi ya mafuta pande zote mbili na kwenye kingo, ikauke kabisa, ndo uanze gundi. Ukishapamba, gundi ikishika kidogo, bana kingo kwa vitu vizito. Mie natumia betri mbovu ya pikipiki. Kilichopinda nilikipaka maji upande wa chini nikakibana siku 2, kikarudi, sio sana ila kinakaa.

Rojo la mchanga ni zuri kwa mkono, unalipaka kwa kijiti cha aiskrimu linatandazika bila ya shida. Ila rangi yake kijivu cha lami na kikopo kidogo, nyumba moja na nusu kishaisha. Mie sasa nachanganya mwenyewe, gundi ya mbao, mchanga mwembamba, rangi ya maji ya ukutani ya kahawia kidogo, na chokaa. Mchanga usije kuchota pwani ukautia hivyo hivyo! Nilifanya hivyo kwenye besi yangu ya kwanza kabisa, baada ya wiki kadhaa ikatoka unga mweupe, chumvi ile, na kila hewa ikiwa nzito inatoa jasho. Uoshe kwa maji matamu mara 3 au 4, uanike, upitishe kwenye chekeche. Na unga wa sembe usijaribu, nilidanganywa na mtu eti unatoa sura nzuri ya vumbi, asubuhi nimekuta sisimizi wameiteka kasri kabla ya Waingereza.

Majani sasa. Ni zile nywele za nailoni za milimita 2 na 4 ambazo zinatakiwa zisimame wima kwa chaji ya umeme. Boksi limekuja na majani bila ya kifaa cha kuyasimamishia, wanasema tikisa kichupa tu. Nimetikisa mpaka mkono ukafa ganzi, majani yamelala yote kama yamepitiwa na ng'ombe, na hewa yetu ya unyevu chaji yenyewe haikai. Nikatengeneza kwa raketi ya mbu ya kuchaji, waya mmoja unafungwa kwenye chujio la chai la chuma, wa pili kwenye msumari unaogusa gundi mbichi, unabonyeza huku unatikisa chujio, majani yanaruka yanasimama kama nywele za mtu aloona jini. INAPIGA SHOTI, usiguse chujio hata kama ushaachia kidole kwenye swichi, na watoto wakae mbali. Mie imenipiga mara 2 na mara ya pili nilitaja majina ya watu.

Lakini hata yakisimama, kijani chake ni cha malisho yalonyeshewa mwaka mzima. Mjini hakuna nyasi hizo, labda kichaka kimoja kimeota kwenye ufa wa ukuta. Kwa nyumba ya shamba nilitumia usumba, ule wa kusokotea kamba, unafunga kitita kidogo, unachovya kitako kwenye gundi, unasimamisha kwenye tundu, kikikauka unapunguza kwa mkasi. Nyasi kavu ya kiangazi hiyo hiyo, wala huhitaji rangi. Pia shangazi yangu wa Pemba alinipa kijikonzi cha makonyo ya karafuu yalobaki sakafuni, nimeyapanga nyuma ya nyumba yamekuwa mzigo wa kuni, na meza nzima inanukia.

Ajabu kilichonibadilisha mawazo ni koki. Nilidhani huu ndo upuuzi wa boksi, nani anunue gome la mti liwe jiwe wakati sie tumekalia mawe? Nikaokota kipande cha jiwe la matumbawe kwenye kifusi, nikalivunja kwa nyundo, nikalibandika. Limekuwa zito, linachana kitambaa cha meza, na vitundu vyake kwenye nyumba ndogo vinaonekana mapango. Koki ukiipaka kijivu kisha ukaipitishia brashi kavu yenye rangi ya maziwa juu juu, inatoka tumbawe kuliko tumbawe lenyewe. Gofu nililojenga kwa mfano wa Maruhubi, yale magofu ya kasri hapa Unguja, lote limezungukwa na koki ya boksi hili, na nitaagiza tena, koki peke yake.

Vanishi ya kumalizia haimo kwenye boksi, wanakwambia nunua ya kupuliza. Siku ya mvua usipulize, mie paa langu limetoka ukungu mweupe. Na kama nyumba yako umeijenga kwa lile povu jeupe la kwenye maboksi ya TV ndo kabisa, kopo la kupuliza linaliyeyusha mbele ya macho yako. Ya kupaka kwa brashi, ya maji, inatosha.

Nyota 3 kati ya 5. Zote 3 za vibao na koki. Kama unacheza vita vya Ulaya ongeza moja. Vile vichaka vya kubandika sijavigusa, karatasi nzima ipo, na majani ya milimita 4 paketi karibu nzima, mwenye kujenga vijiji vya Kiingereza anitafute tubadilishane kwa kipande chochote cha MDF milimita 3, hata kikiwa na rangi upande mmoja.