Mashine ya gemu ya zamani: ipi ununue ukiwa Tanga, na ipi umwachie muuzaji

Ukitaka jibu la haraka, nunua PS2 (PlayStation 2 ya Sony) kubwa ya mfano wa 50000, toleo la Ulaya, yenye bodi isiyo na kutu, hata kama lenzi yake ya kusomea CD imekufa. Mengine yote hapa chini ni sababu zangu, pamoja na nafasi ya mashine nyingine kwa asiyeipata hiyo au asiye na mahali pa kuiweka.

Naandikia mtu anayetaka kucheza nyumbani na kuitengeneza mashine mwenyewe, au kwa fundi wa mtaani. Anayekusanya maboksi na vitabu vyake, huyo ana shughuli nyingine. Kwa mtu wetu, uzuri wa gemu ni swali la pili. Kwanza ajiulize: hii ikifa, kipuri chake kinapatikana? Na bodi imeshakula chumvi kiasi gani?

Chumvi na umeme, kabla ya jina la mashine

Mashine iliyokaa miaka Raskazone au Sahare, dirisha wazi kwa upepo wa bahari, si sawa na iliyokaa Korogwe, mbali na bahari. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Chumvi ikitua pamoja na vumbi juu ya bodi huvuta maji hata siku ya jua kali, na umeme ukipita hapo kutu inakwenda mbio. Vilevile mitumba mingi ya elektroniki huvuka bahari kabla ya kufika kwetu, kwa hiyo usidhani kilichoshushwa jana ni kisafi.

Dawa ni kuifungua kabla hujalipa. Beba bisibisi ya nyota na tochi ya simu. Kwenye PS2 kubwa skrubu zimefichwa chini, ndani ya vifuniko vidogo vya mraba. Ukishanyanyua ganda, tazama sehemu tatu: miguu ya soketi za pedi, kingo za bati linalofunika bodi, na eneo la feni. Unga wa kijani kwenye soketi si mwisho wa dunia, mswaki laini na spiriti vinautoa. Bati likiwa na madoa ya kahawia pembeni, punguza bei. Lakini kijani kikiwa kimeingia katikati ya miguu ya chipu kubwa, funga, shukuru, nenda zako. Njia za shaba pale ni nyembamba mno, na kuzirudisha moja moja kwa waya ni kazi ambayo hakuna fundi atakayekufanyia kwa bei inayolingana na mashine yenyewe.

Wauzaji wa Ngamiani watakuambia, "Kaka, hii haijawahi kufunguliwa," kama sifa. Mashine ya miaka 20 ambayo haijafunguliwa ina vumbi la miaka 20 kwenye feni, basi. Stika ya waranti iliyochanika isikutishe. Inayotisha ni skrubu iliyolika kichwa. Muuzaji akiwa mtu mzima, msalimie vizuri kwanza: "Shikamoo mzee, naomba niifungue hapa hapa mbele yako, nikivunja kitu ni changu." Anayekataa kabisa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Umeme sasa. Geuza mashine ya Sony usome namba inayoanza na SCPH. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayosema iliuzwa wapi: 0 ni Japani, 1 ni Amerika ya Kaskazini, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. Mashine ya Japani ilitengenezewa volti 100 na ya Marekani 120, wakati soketi yetu inatoa 230. Ukichomeka PS2 kubwa ya Japani moja kwa moja ukutani, pawa saplai inakwenda hapo hapo, na ukiwa na bahati ni fyuzi peke yake. Hizo zinahitaji trafo ya kushusha umeme, mzigo mwingine na gharama nyingine. Picha nayo ina mambo yake: matoleo hayo yanatoa NTSC, mfumo wa picha wa kwao, na baadhi ya TV za chogo zinazojua tu PAL, mfumo wa Ulaya na wa kwetu, zitakupa picha nyeusi na nyeupe. TV bapa nyingi za sasa hazina shida hiyo. Kwa hiyo 3 au 4 mwishoni, na mjadala umekwisha.

1. PS2 kubwa

Ilitoka Japani Machi 2000, uzalishaji ukasimama mwanzoni mwa 2013, na katikati ziliuzwa zaidi ya milioni 150. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Hakuna mashine ya TV iliyouzwa kuipita, na ndiyo maana mabanda ya gemu yaliishi nayo muda mrefu, na mafundi wakaizoea hadi kuifungua huku wanapiga soga.

Kinachokufa kwanza ni lenzi. Hapa ndipo ile kubwa inapoishinda slimu, ile nyembamba: matoleo kuanzia 30000 hadi 50000 yana uwazi nyuma unaomeza "hadi diski" (hard disk, diski ya kuhifadhia ya kompyuta) ya inchi 3.5. Unafunga adapta ya mtandao, unachomeka hadi diski ya IDE iliyotolewa kwenye kompyuta ya mezani iliyozeeka, unaweka memori kadi yenye Free McBoot, programu inayoiwezesha mashine kufungua programu zisizo za Sony, halafu programu ya Open PS2 Loader inasoma gemu kutoka kwenye diski. Lenzi inakuwa pambo. Ndiyo maana nilisema nunua hata iliyokufa lenzi: muuzaji anaihesabu mbovu, na kwako haina upungufu wowote.

Sharti ni hiyo adapta. Ni kipande cheusi kinachofungwa nyuma kwa skrubu mbili kubwa, na wauzaji wengi hawajui kazi yake, hivyo hupotea. Ukikuta mashine ambayo bado inayo, usianze kuiulizia adapta peke yake, maana bei itapanda mbele ya macho yako. Uliza bei ya mashine nzima. Kuna za kuiga pia, zinazopokea diski za SATA, aina iliyokuja baada ya IDE, na zinafanya kazi hiyo hiyo.

Kuna wanaoruka hadi diski na kutumia flashi. Inakubali, ila tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha 1.1, polepole sana. Mpira utacheza, lakini video za utangulizi zitakwama kwama na sauti itakatika.

Kwa anayetaka kubaki na CD, jaribu aina zote kabla ya kulipa. Lenzi ya PS2 hutumia mwanga mmoja kwa CD na mwingine kwa DVD, hivyo mashine inaweza kusoma DVD vizuri na kuikataa CD ya gemu yenye mgongo wa buluu. Ikikataa, pamba yenye spiriti kidogo kwenye jicho na grisi mpya kwenye reli huamsha nyingi. Ikishindikana, lenzi ya kutafuta kwa 3000x hadi 5000x (x ni tarakimu yoyote ya mwisho) ni KHS-400C. Msimruhusu fundi "aikaze" lenzi kwa kugeuza vile viskrubu vidogo vya pembeni yake. Anachofanya ni kuongeza nguvu ya mwanga; itasoma kwa muda, kisha itaungua moja kwa moja. Mashine nyingi zinazouzwa zikiwa "zinasoma kila kitu" zimekazwa hivyo.

Kwa nini 50000 na si 30000? Feni yake ina kelele chache kuliko ya 30000, na mashine imepokea masahihisho ya matoleo yaliyotangulia. Ukipata 3900x safi kuliko 5000x yenye kutu, chukua 3900x bila kufikiria. Zile za mwanzo kabisa za Japani, 10000 hadi 18000, hazina uwazi wa hadi diski, ziache.

2. PS2 slimu

Ndogo, nyepesi, inaingia kwenye mkoba. Matoleo ya 70000 hadi 79000 hupata umeme kutoka adapta ya nje ya volti 8.5, na hapo ndipo penye ujanja mwingi sokoni: adapta za kuiga zenye lebo ya namba nzuri na waya mwembamba ndani. Ikiwa ya moto kupita kiasi baada ya mechi mbili, itupe kabla haijaua bodi. Matoleo ya 90000 yana pawa saplai ndani.

Tatizo lake la ndani linaonekana kwa macho. Fungua mfuniko, sogeza lenzi taratibu kwa kidole hadi ukingoni, uangalie ule waya bapa wa rangi ya shaba unaoifuata. Gundi yake ikilegea kwa joto, na joto letu halichezi, waya unainuka kama mgongo wa paka na kukwaruza CD inapozunguka. CD za muuzaji zikiwa na mikwaruzo ya duara kamili, umeshajua sababu. Kipande cha gundi ya karatasi inayostahimili joto kinamaliza kazi. Lenzi yake mbadala inajulikana kwa namba PVR-802W.

Slimu haina pa kuweka hadi diski. Ina tundu la mtandao, kwa hiyo gemu zinaweza kuvutwa kutoka kwenye kompyuta kwa waya. Njia nyingine ni kiunganishi kiitwacho MX4SIO: kinakaa tundu la pili la memori kadi na kubeba kadi ya SD, kinakwenda kasi kuliko USB, na mwenye mkono wa kulehemu anaweza kukitengeneza mwenyewe kutoka kwenye memori kadi iliyokufa. Kwa 9000x angalia alama ya tarehe kwenye stika ya chini. Kuanzia 8D, yaani robo ya mwisho ya 2008, Free McBoot ya kawaida haikubali. Zipo njia nyingine, ila zina usumbufu wake. Ningechukua 7700x au 7900x.

3. Mashine za kaseti

Nimeziweka juu ya PS1 na najua watu watanuna. Hizi ni nakala za Famicom, mashine ya Nintendo ya 1983, ambazo wengi wetu tulianzia kwake kwenye TV ya jirani. Ndani yake hakuna kitu: bodi ndogo, tone jeusi la gundi ngumu linaloficha chipu, soketi ya pini 60, na kipande chenye miguu mitatu kiitwacho 7805 kinachoshusha umeme hadi volti 5. Tone jeusi likifa, imekufa. Lakini mara nyingi si lenyewe. Ni 7805, au swichi, au soketi ya kaseti iliyojaa kutu, na vyote hivyo hubadilishwa kwa vipuri vya redio mbovu. Kwa kijana anayejifunza kulehemu sijui shule iliyo nafuu zaidi. Acheni kupuliza kaseti kwa mdomo: mate ni maji, na maji juu ya shaba ya pwani mnajua yanachofanya. Tumieni spiriti na pamba.

Kuna vile vidude vipya vinavyouzwa vikiwa na mamia ya gemu ndani bila kaseti. Gemu nyingi humo ni zile zile zilizorudiwa kwa majina mengine, na hakuna cha kutengeneza. Mnunulie mtoto wa dada, usijinunulie.

4. PS1

Mashine nzuri, lakini PS2 inasoma CD zake nyingi, kwa hiyo kuinunua peke yake ni mapenzi zaidi ya hesabu. Ukiitaka, kwepa zile za mwanzo za mfano wa 1000: lenzi ilikaa karibu na pawa saplai, reli yake ya plastiki ikilika, watu wakaishia kucheza mashine ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Ile ndogo nyeupe ya mwaka 2000 ni imara zaidi na hutumia volti 7.5 tu.

Za kuacha

Xbox 360 za mwanzo na PS3 za kwanza zilizo nene. Zinapendeza na bei yake siku hizi ni laini, kwa sababu nzuri. Mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya taa nyekundu za Xbox 360, zile zinazowaka mashine ikifa, ujue tatizo lilikuwa la muundo. Fundi atakuambia ataipasha bodi kwa hita na itawaka. Itawaka kweli, na itazima tena, na hapo pesa yako imeshakwenda.

Kompyuta za zamani ni nadra kwetu, ila zikifungwa ofisi utakutana na 386 au 486. Tafuta betri ya duara kama pipa iliyolehemewa kwenye bodi. Ikiwa imevuja, maji yake hula shaba hata mashine ikiwa imezimwa. Ikate leo, safisha kwa siki kidogo, kisha spiriti, ndipo ufikirie bei.

Xbox ya kwanza, ile ya 2001, sishauri kuinunua: ni nzito na vipuri vyake ni adimu. Lakini kama umepewa bure, ifungue wiki hii hii. Katika matoleo yote isipokuwa 1.6 kuna kapasita moja ya saa inayovuja na kula bodi taratibu. Ing'oe, safisha chini yake, usiweke nyingine. Saa itapotea kila ukichomoa umeme. Gemu zitacheza kama kawaida.