Uzoefu wangu na tairi zilizofufuliwa: kinacholipiwa ni masizi

Kwenye magurudumu ya nyuma ya lori langu la tani nne, linalobeba mahindi kati ya Dodoma na Morogoro, nimefunga tairi zilizofufuliwa, yaani tairi kuukuu zilizovishwa raba mpya, na karakana mbili, na tofauti niliyoiona inatosha kumshauri mnunuzi aulizie mchanganyiko wa raba kabla ya kuulizia bei.

Karakana ya kwanza ilikuwa nafuu. Kashata zake, yaani raba ya nje yenye mifereji inayokanyaga barabara, zilikuwa nene na ngumu kwa mkono, lakini ziliisha mapema na kumeguka kwenye kokoto. Fundi aliyezikagua alisema raba hiyo ilijazwa chaki. Chaki hupunguza gharama na kuongeza ugumu, ila chembe zake ni kubwa na hazishikamani vizuri na mpira, hivyo raba ikivutwa huachana nazo, na mpasuko huanzia hapo.

Ya pili hutumia masizi ya viwandani, yaani unga mweusi wa kaboni, ambayo katika raba ya kashata huwa takriban sehemu 50 kwa kila sehemu 100 za mpira kwa uzito. Chembe za daraja la N330, linalotumika sana kwenye tairi, zina upana wa nanomita 30 hivi na zimeungana kama vishada vya zabibu, kwa hiyo uso wa kushikia ni mkubwa mno: minyororo ya mpira, yaani molekuli zake ndefu, huanza kunasa humo tangu wakati wa kuchanganya, kisha tairi inapopikwa kwenye kalibu kwa nyuzi 150 hivi za Selsiasi, salfa huifunga minyororo hiyo yenyewe kwa yenyewe, masizi yakiwa yamebanwa katikati. Salfa peke yake, ambayo Charles Goodyear aligundua kazi yake mwaka 1839, hutoa raba inayonyumbuka na kurudi, lakini inayolika haraka barabarani. Tairi za magari ya mwanzo zilikuwa nyeupe au kijivu. Weusi tunaoudhani ni rangi tu ndio uliozirefushia maisha.

Dosari niliyoiona ni joto. Kila tairi inapojikunja, miunganiko kati ya chembe za masizi huvunjika na kujijenga upya, na nguvu inayopotea hugeuka joto. Lori likizidishiwa mzigo au upepo ukipungua, tairi hizi hupata moto kuliko nilivyotarajia. Bei yake pia ni ya juu, ingawa kwa kilomita zinazopatikana siilalamikii. Magurudumu ya mbele bado nayanunulia tairi mpya.