Hafushafti za nyuma za Land Cruiser: tazama meno yanapoishia kabla hujatoa pesa

Gari letu lilikata hafushafti ya nyuma kushoto, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka kwenye difu, gia za katikati ya ekseli, mpaka kwenye tairi, kati ya Engaruka na Ngare Sero, tukiwa na wageni wanne wanaokwenda Ziwa Natron. Hapakuwa na tope wala mwamba. Dereva alikuwa anatoka kwenye korongo la mchanga kwa gia ya kwanza, tukasikia mlio mmoja kama nyundo imepiga reli, kisha injini ikawa inapanda na gari halisogei. Shafti ile ilikuwa na miezi minne. Niliinunua mwenyewe, mpya, kwenye boksi, katika duka moja la spea Gerezani, Dar es Salaam, baada ya nati za flenji, ile sahani ya mwisho wa shafti upande wa tairi, ya shafti ya kiwandani kulegea na matundu yake kuliwa yakawa mapana.

Tulifika kambini kwa sababu Mkonga wetu, Land Cruiser 78, una ekseli ya nyuma ambayo uzito wa gari umekaa kwenye habu, kile kitovu tairi linapofungwa. Kazi ya shafti ni kuzungusha tairi tu. Dereva alifunga habu za mbele, akaingiza fowili ili tairi zote nne zipate nguvu, tukavutwa na tairi za mbele taratibu. Wenye Hilux na Prado hawana nafasi hiyo: kwao shafti inabeba uzito na kuzungusha kwa pamoja, na ikikatikia upande wa nje, tairi linaweza kuchomoka na ngoma yake. Kama gari lako ni la namna hiyo, ruka kabisa sehemu ya bei rahisi hapo chini.

Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi wengi Arusha shafti nzuri inachaguliwaje, na karibu wote wananijibu mambo mawili: iwe nene, iwe ngumu. Urefu na idadi ya meno, yale yaliyochongwa kwenye ncha inayoingia kwenye difu, kila mtu anapima, na unapaswa kupima, maana kulia na kushoto mara nyingi hazilingani. Lakini yangu ilikuwa nene na ngumu. Tupa iliteleza juu yake kama kwenye kioo. Ilikatikia pale meno yanapoishia na mwili wa shafti kuanza, na hapo ndipo ninapotaka utazame.

Chukua shafti, igeuze upande unaoingia kwenye difu, upitishe ukucha kutoka kwenye meno kuelekea katikati. Kwenye shafti nzuri mifereji ya meno inapungua kina kidogo kidogo mpaka inapotea, na ukucha wako unateleza bila kujua mpaka uko wapi. Kwenye mbaya ukucha unakwama, maana kisu cha mashine kimesimama ghafla na kuacha ngazi. Ngazi hiyo ndiyo itakayokulaza porini. Umewahi kumwona muuza kanga akitenganisha doti? Anakata pindo kidogo kwa mkasi, kisha anachana kwa mikono. Kitambaa kizima kina nguvu, ila ukishakipa pa kuanzia kinafuata. Chuma nacho ni hivyo hivyo. Kila unapoondoka, kila unapopanda, shafti inajipinda na kurudi, na ufa unaanzia kwenye kona kali.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwezi Mei 1842 treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilianguka na kuwaka moto karibu na Meudon baada ya ekseli ya kichwa chake kukatika, na watu zaidi ya 50 walikufa. Mwaka uliofuata mhandisi wa Uskoti, William Rankine, alieleza kwamba ekseli za reli zinapasuka polepole kuanzia kwenye kona, akashauri kona zile zichongwe kwa mviringo. Ndiyo maana siwezi kumwelewa mtu anayechonga shafti leo na kuacha ngazi.

Kipande changu kilichovunjika ninacho. Karibu theluthi ya uso wake ni laini na ya kijivu, ina mistari kama ile ambayo maji yakikupwa yanaiacha mchangani. Huo ni ufa wa zamani uliokuwa ukisuguana kila siku. Iliyobaki inang'aa na ina chembechembe, ndiyo iliyokatika siku ile. Maana yake shafti ilianza kufa labda wiki ya kwanza. Mchanga wa Engaruka uliimalizia tu.

Kuhusu unene, muuzaji akikwambia "hii nene zaidi, dada yangu," usifurahi haraka. Mwili ukiwa mnene kuliko shafti ilivyo kwenye mizizi ya meno, yaani chini kabisa ya mifereji, msokoto wote unakwenda kukusanyika kwenye meno. Watengenezaji wa shafti za mashindano huupunguza mwili makusudi, uwe mwembamba kidogo kuliko mizizi hiyo, ili shafti ijipinde kwa urefu wake wote kama springi.

Sasa, mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Toyota yenyewe, mpya, na sifichi kwamba naipendelea. Nimezishika shafti zake nyingi kwa mkono na sijawahi kukwama ukucha. Ile ya upande wa kulia wa gari letu ni ya tangu kiwandani, imebeba wageni na mizigo kwenye barabara za Loliondo miaka yote, na bado iko. Bei yake inauma, nitakuja hapo.

Ya pili, Toyota hiyo hiyo lakini iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari la kuchinjwa. Hizi nyingi zinaingia kutoka Ghuba. Mimi ndiyo niliyofunga sasa hivi. Ukishika iliyotumika tazama meno kwa ubavu kwenye mwanga: yakiwa yamelala upande hata kidogo, kama kamba inayoanza kusokotwa, iache. Imeshapindishwa kupita uwezo wake na haitarudi. Angalia pia matundu ya flenji yawe mviringo kamili.

Ya tatu, Terrain Tamer ya Australia. Ni watu wanaoijua Land Cruiser, na wanaozitumia kwetu hawalalamiki. Ninaiweka chini kwa sababu ya kungoja mzigo tu. Gari la utalii likilala mwezi Julai ni hasara kubwa. Mwenye Land Rover Defender aagize Ashcroft ya Uingereza, ila ahesabu meno kwanza, maana ekseli za Rover za zamani zina 10 na za baadaye zina 24.

Ya nne ni shafti za chuma cha 300M, kile kinachotengenezewa miguu ya ndege. Ni chuma kikali kuliko vyote nilivyotaja, lakini hakipendi mkwaruzo wala kutu. Tena ukiweka shafti isiyokatika, nguvu itatafuta pengine pa kuvunja, na pengine hapo ni difu, yenye bei ya shafti nyingi. Kwa gari la kazi siishauri.

Ya mwisho ni zisizo na jina. Kama huna namna, pitisha ukucha, chagua moja kati ya kumi, na ibebe ya akiba.

Kuhusu wauzaji nina neno. Nilipokwenda kununua nikiwa na gari lenye stika ya kampuni ubavuni, nilitajiwa bei moja. Fundi wangu alipokwenda kwa miguu kesho yake, duka hilo hilo, shafti hiyo hiyo, akatajiwa bei iliyopungua kwa theluthi. Boksi lilikuwa na rangi na maandishi ya Toyota, la ndani si Toyota. Nilipoirudisha vipande viwili, nikaonyeshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikuwa nayo, kwa sababu niliambiwa bei ni mbili, ya risiti na isiyo ya risiti, nami nikakubali ya pili. Bei ya spea halisi inapandishwa mpaka mtu wa kawaida anasukumwa kwenye boksi la uongo, kisha tunaambiwa tunapenda vya bei rahisi. Mimi sipendi. Nilikuwa na wageni wanne na jua linazama.

Siku ya kufunga, badilisha stadi zote, zile bolti zinazoshika flenji, nati na washa za koni za flenji, usirudishe za zamani. Zilizolegea ndizo zilizonianzishia safari hii. Tembea siku moja, kisha zikaze tena. Kama ya zamani ilikatika, hakikisha kisiki kimetoka ndani ya difu. Changu kilikuwa na urefu wa vidole viwili na fundi alitumia nusu siku na sumaku kukitoa, na unga wa chuma ulipoonekana kwenye oili tuliimwaga yote.

Na kabla hujaiingiza, chora mstari mmoja wa rangi nyeupe, umenyooka, kutoka kwenye flenji mpaka kwenye meno. Kila unapoitoa kuangalia beringi, utazame. Mstari ukianza kuzunguka shafti, nunua nyingine kabla ya safari. Wangu niliukagua Jumamosi, bado umenyooka.