Daftari dogo la A6 la kushonwa kwa uzi: miezi mitano ya kuandika kila siku nikiwa sina muda

Nianze na kilichonifikisha hapa maana najua wengi mtajiona humo. Nina kazi ya kutwa, nina mtoto wa miaka minne, na nina hamu ya kuandika ambayo haijawahi kuniacha tangu niko shule. Miaka yote mpango wangu ulikuwa uleule, wakishalala wote nafungua laptopu naandika maneno 1,000. Usiku wa kwanza naandika, wa pili naandika, wa tatu nasinzia juu ya kibodi, wa nne hata siifungui, afu mwezi unakatika. Nilikuwa naamini shida yangu ni muda. Sasa hivi muda ni uleule, tena nadhani umepungua, na katika siku 152 nimeandika siku 133. Kilichobadilika ni hiki kidaftari, ndo maana nimeona nikiandikie vizuri.

Ni saizi ya A6, yani milimita 105 kwa 148, ukichukua karatasi ya A4 ukaikunja mara mbili ndo hiyo. Lina karatasi 96 kwa hiyo kurasa 192, mistari ya milimita 7, jalada la kadi ngumu na utepe mmoja wa kuweka alama, basi. Ukurasa una mistari 18, na kwa mwandiko wangu mstari mmoja unabeba maneno matano, maana Kiswahili chetu neno moja tu kama "walivyonisubirisha" limeshakula nusu ya mstari. Ukurasa mzima unakuwa maneno 90 hivi. Na hapo ndipo uzuri wote wa hili daftari ulipo, ukurasa wenyewe ni mdogo, ukiufungua mwisho wake unauona kabla hujaanza. Laptopu haina mwisho, unajaza skrini inashuka nyingine nyeupe, na mtu aliyechoka akiona weupe usioisha anafunga. Huu nikiuangalia najiambia huu naumaliza hata nikiwa nimesimama, na kweli naumaliza, dakika saba au nane. Maneno 90 mtu anaweza kuyaona si kitu lakini zidisha, ukijaza ukurasa kila siku mwaka mzima unapata zaidi ya maneno 32,000. Mi kwa hizo siku 133 nina karibu 12,000 na sijawahi kufikisha hata robo yake kwa ule mpango wa laptopu.

Sasa kushonwa. Hapa mnivumilie nitaongea sana kwa sababu nimepitia madaftari mengine kabla ya hili na yote yalinikwamisha kwenye jambo ambalo sikulijua mpaka nilipopata la uzi. La gundi halikubali kukaa wazi, mkono mmoja unaandika na mwingine uko kazini kulikandamiza, na ukilikandamiza sana mgongo unapasuka karatasi zinaanza kutoka moja moja, langu lilinitoka kurasa za mwezi mzima ndani ya begi. La waya linafunguka vizuri lakini ukiliweka mfukoni waya unapinda, kurasa zinagoma kugeuka, na upande wa kushoto kiganja kinalala juu ya waya kila mstari. La pini ni zuri ila mara nyingi ni jembamba, unalimaliza hata hujazoea kulibeba. Hili limeshonwa mafungu sita ya karatasi 16, ukifika katikati ya fungu unauona uzi mweupe umepita, na popote utakapofungua ukipitisha kidole gumba mara moja katikati linalala, halirudi. Naona kama ni kitu kidogo kwa anayeandikia mezani. Mi siandikii mezani. Naandika nikisubiri maji yachemke, naandika kwenye foleni, naandika nimekaa kwenye gari kabla sijashuka kuingia kazini, daftari liko juu ya kiganja cha kushoto kama sahani. Daftari lisilolala kwenye kiganja lingenipotezea nusu ya hizo siku.

Kuhusu kalamu nimejifunza kwa hasara. Nilianza na kalamu ya jeli maana inateleza vizuri na mwandiko unapendeza, siku moja chupa ya maji ikavuja kwenye begi, kurasa kumi na kitu zikawa mawingu ya bluu, wino wa jeli kwa kawaida unakuwa wa maji, na mwingine ukikutana na maji unaondoka nao. Nilikaa chini kusoma nilichoweza kusoma, ilikuwa ni ile wiki mwanangu ameanza kuuliza watu waliokufa wanakaa wapi, na maswali yake mawili siwezi kuyasoma tena. Inaniuma mpaka leo. Tangu hapo natumia biki ya kawaida, wino wake ni wa mafuta, haukimbii hivyo. Ila biki nayo ina lake, inataka wino ushuke chini kwenye kigololi, ukiandika umelala chali ukielekeza ncha juu inaandika mistari miwili inakata, ndo maana kando ya kitanda nimeweka penseli.

Kabla ya daftari nilikuwa natumia apu moja ya simu ya kuandika kila siku, na lazima niizungumzie maana najua wengi mtaniuliza kwa nini nisiandike tu kwenye simu ambayo niko nayo muda wote. Ile apu inahesabu siku ulizoandika mfululizo, inakuonyesha namba kubwa katikati ya skrini. Nilifika 41. Usiku wa 42 mwanangu alipanda homa, nikakaa naye mpaka asubuhi nikimfuta kwa kitambaa, sikuandika hata herufi. Kesho yake nimefungua, sifuri. Zile kurasa 41 zilikuwepo bado, hakuna kilichofutika, lakini ile sifuri ilinikata kabisa nikakaa wiki tatu bila kuandika. Nikaja kusoma kwamba kuna watafiti wa chuo kikuu cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, utafiti wao ulichapishwa mwaka 2010, walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya kama kunywa maji na kufanya mazoezi. Wastani tabia ilichukua siku 66 kuwa ya kujiendea yenyewe, lakini kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia siku 18 mpaka 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Yani ile sifuri ilikuwa inanidanganya. Na ile habari ya siku 21 tunayoimbiwa kila mahali asili yake ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, kitabu chake kilitoka mwaka 1960, aliona wagonjwa wake wanachukua angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya baada ya upasuaji. Kuzoea pua mpya na kuandika kila siku ukiwa umechoka naona ni mambo mawili mbalimbali kabisa.

Daftari halihesabu. Nikiruka siku, tarehe inaruka, naandika chini yake palepale. Zile siku 19 nilizokosa hazionekani popote isipokuwa ukizitafuta kwenye tarehe, na hilo limenisaidia kuliko mbinu zote nilizowahi kusoma.

Kingine kilichofanya kazi ni kuliunganisha na kitu ambacho tayari nakifanya. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika sana kuhusu mipango ya namna hii, usijiambie tu nitaandika zaidi, jiambie likitokea jambo fulani ndo nafanya hivi. Wangu ni, nikizima gari mbele ya ofisi sitoi mkanda kabla sijaandika mstari mmoja. Mmoja tu. Mara nyingi ukishaandika mmoja mingine inakuja, na siku isipokuja nimeandika, nashuka. Ila hapa daftari lazima liwe mfukoni au kwenye kiti cha pembeni, siku niliyoliweka kwenye buti la gari sikuandika, ndo ukweli.

Watu wakiongelea kuandika ukiwa na kazi wanapenda kumtaja Anthony Trollope wa Uingereza, alikuwa mtumishi wa posta na akaacha riwaya 47, anaweka saa mbele yake anajidai maneno 250 kila robo saa, ameshaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mimi mfano huo ulikuwa unanivunja moyo, mpaka nilipojua kwamba alikuwa na mtumishi wake anayemlipa nyongeza kwa ajili ya kumwamsha tu. Mimi anayeniamsha ni mtoto na akishaniamsha hanipi nafasi ya kuandika. Lakini kuna habari nyingine ya Trollope ambayo haisemwi sana na ndo iliyonishika, alipokuwa anasafirishwa na kazi alijitengenezea kibao kidogo akawa anaandika ndani ya treni, kwa penseli, baadaye mke wake ananakili. Yani naye aliandika penye nafasi. Na sisi tunaye Shaaban Robert, zaidi ya miaka 30 ni mtumishi wa serikali na vitabu vikatoka.

Mnisikilize pia kwenye kasoro maana zipo. Karatasi ni nyembamba, ukiandika kwa kukandamiza kama mimi maandishi yanatokea upande wa pili kama kivuli, hayazuii kusoma lakini macho yanachoka. Jalada kona zake zimeshachanika, miezi mitano ya mfukoni si mchezo. Halina mpira wa kufungia kwa hiyo ndani ya begi linajifungua, karatasi zinakunjika. Na kubwa kuliko zote, halina namba za kurasa. Jumapili huwa nakaa dakika 45 kuingiza kwenye kompyuta kile ninachotaka kukiendeleza, na bila namba nilikuwa napotea, nimeandika kitu kuhusu shangazi mwezi wa kwanza, nikakiendeleza mwezi wa tatu, kiko wapi, nageuza kurasa mpaka nakata tamaa.

Ila hizo Jumapili ndo zimenionyesha kitu ambacho laptopu haikuwahi kunionyesha. Nilikuwa najua naandika vipande vipande tu, hapa foleni, pale gari, hakuna kinachoungana. Nikaja kugundua mikono ya huyo shangazi imetokea mara tisa. Anavyopanga vikombe, anavyoshika mkoba kwa mikono miwili hata akiwa amekaa, anavyonipapasa kichwani kana kwamba bado nina miaka saba. Sikupanga. Nimeviweka pamoja vile vipande tisa na ni hadithi, ya kwanza kuimaliza tangu nimeajiriwa, nikamtumia dada yangu na yeye akanipigia simu badala ya kunijibu kwa meseji.

Kama kazi yako ni ya kuandika vitu virefu vya kutumwa siku hiyohiyo, hili halitakufaa, utachoka na kunakili. Kama unaandika kwa kasi sana mkono utauma. Kama we ni mtu wa kukosa muda kama mimi, tafuta la A6, hakikisha limeshonwa, lifungue katikati palepale ulipolinunua uone kama linalala kwenye kiganja, lisipolala liache. Mimi nalipatia nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa karatasi na kukosa namba.

Zimebaki kurasa 59. La pili nimeshanunua, lilelile, na safari hii nimeziandika namba mwenyewe kwa penseli kabla ya kuanza, tumekaa kitandani na mwanangu anazitaja mimi naandika, akifika ishirini anarudi moja, mimi naendelea na ishirini na moja kimyakimya.