Darasa la watoto wa mbwa Jumamosi asubuhi: uzoefu wangu na Jeki

Ukiwa na mtoto wa mbwa wa wiki 8 hadi 12 na unaishi Dar es Salaam, tafuta darasa la kumzoesha watu, sauti na vitu vigeni wiki hii hii, usingoje mwezi ujao. Mimi nimempeleka Jeki, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kwenye darasa linalofanyika ndani ya uzio wa kliniki moja ya mifugo upande wa Mbezi Beach. Nimeridhika, ila yapo mawili ningependa wayarekebishe.

Haraka hiyo ina sababu. Tangu wiki ya 3 hadi kama ya 14, mtoto wa mbwa huzoea kwa urahisi kila anachokutana nacho bila kutishwa. Baada ya hapo kitu kigeni huanza kumtia hofu, na mbwa mwenye hofu ni mwepesi wa kuuma. Shida ni kwamba chanjo za pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, hukamilika akiwa na wiki kama 16, kwa hiyo ukimfungia mpaka amalize, wakati wenyewe umeshapita. Chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo mwaka 2008: mtoto wa mbwa anaweza kuanza darasa akiwa na wiki 7 au 8, mradi awe amepata chanjo ya kwanza angalau siku 7 kabla, pamoja na dawa ya minyoo. Kliniki hii inafuata hivyo hivyo. Huna kadi ya chanjo, huingii getini. Sakafu ni ya saruji na husafishwa kwa jiki, maana virusi vya pavo hukaa udongoni miezi mingi na sabuni ya kawaida haviiogopi. Kwa hilo peke yake nawapa alama zote.

Mafunzo yenyewe yalinishangaza kwa utulivu wake. Hakuna kumvuta mbwa kwa kamba wala kumkaripia. Mwalimu aliwasha bodaboda mbali, upande wa pili wa uwanja, sisi tukiwapa mbwa dagaa mmoja mmoja. Jeki alipoacha kula na kuanza kujilamba midomo, mwalimu aliniambia, "Rudi nyuma kidogo kaka, hapo pamemzidi." Tulirudi hatua chache, akala tena. Kuanzia hapo nikajua kumsoma: kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa pembeni, kubana mkia, zote ni njia zake za kusema ameogopa. Jumamosi zilizofuata vikaletwa mwamvuli unaofunguka ghafla, mkokoteni, mtu mwenye helmeti, mzee wa kanzu na mkongojo, mama wa buibui, watoto wanaokimbia. Nyumbani nikaendelea na vya mtaani kwetu: adhana ya alfajiri, muuza kahawa anayegonganisha vikombe, machinga na spika yake.

Kitu nilichokipenda zaidi ni kwamba hawafundishi mbwa kurukia watu ili wamshike. Wanamfundisha kukaa chini mtu anapopita. Majirani zangu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa yakimgusa mtu nguo au mwili inambidi ajitoharishe kabla ya kuswali. Mbwa anayejua kubaki mahali pake anatunza ujirani.

Baba mkwe alinikataza mwanzoni. "Mwanangu, mbwa wa ulinzi ukimzoesha watu, mwizi ataingia akimpapasa." Wengi wanaamini hivyo, ndiyo maana watoto wa mbwa hufungiwa bandani wasione mtu. Jeki sasa ni mbwa mkubwa, na usiku mtu akisukuma geti anabweka mtaa mzima unasikia. Nikimwita jina ananyamaza. Dada wa nyumbani anampa chakula bila woga, na kijana anayeleta mtungi wa gesi anaingia bila kupiga kelele.

Sasa kasoro. Siku moja mbwa walikuwa wengi mno, na mmoja mkubwa alimkimbiza mdogo mpaka akajificha chini ya benchi akitetemeka. Mwalimu alichelewa kuwatenganisha. Kwa umri ule, kutishwa mara moja tu kunaweza kumkaa mbwa maisha yake, kwa hiyo kundi lisiwe kubwa kuliko macho ya mwalimu. Pili, darasa linakwisha bila kuambiwa kuhusu ujana. Mbwa akifika miezi 6 na kuendelea, hofu zinaweza kurudi, na Jeki kweli alianza kuogopa bajaji alizozizoea. Tulirudia dagaa na umbali, ikapita.

Bei ni shilingi 30,000 kwa kipindi, na si ndogo. Njoo na kadi ya chanjo, dagaa wadogo wakavu na kamba isiyo ya mnyororo, na uulize kwanza siku hiyo watakuwepo mbwa wangapi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3, kwa hiyo kabla ya hapo usimwache acheze na mbwa wa mtaani usiowajua.