Miaka mitatu na SQLite: ghala la maneno ndani ya faili moja

Ngeli ndizo zilizonitoa kwenye lahajedwali (spreadsheet). Nakusanya maneno kwa ajili ya kamusi ya istilahi, na kila nomino naiandikia ngeli yake kwa tarakimu: 1/2 kwa mtu na watu, 7/8 kwa kitu na vitu, 9/10 kwa nyumba. Siku moja nikafungua faili nitafute nomino za 7/8, sikupata hata moja. Zote zilikuwa zimegeuka tarehe 7 Agosti. Za 9/10 zimekuwa 9 Oktoba, za 3/4 zimekuwa 3 Aprili. Programu iliona mkwaju kati ya tarakimu mbili, ikajiamulia kwamba hiyo ni tarehe. Nilikuwa nimeshahifadhi wiki kadhaa bila kugundua, kwa hiyo nilirudisha kwa mkono, neno baada ya neno. Nilipomaliza nikahamia SQLite. Huu ni mwaka wa tatu.

Kwa asiyeifahamu, SQLite ni hifadhidata, yaani programu ya kutunza na kutafuta taarifa kwenye majedwali, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000. Haina seva ya kuwasha wala nywila ya kukumbuka. Majedwali yote, faharasa zote, kila kitu kimo ndani ya faili moja unayoweza kuibeba kwenye flashi. Hailipiwi, kwa kuwa walioiandika waliitoa iwe mali ya umma. Na huenda tayari unaitumia bila kujua, maana simu za Android na iPhone zinaitegemea kutunza mambo mengi ya ndani. Kilichonituliza moyo zaidi ni kwamba watunzaji wake wametangaza nia ya kuihudumia hadi mwaka 2050, na Maktaba ya Bunge la Marekani inaitaja kati ya miundo inayopendekeza kwa kuhifadhi data. Kamusi ni kazi ya miaka mingi. Sitaki kuiweka mahali patakapofungwa kabla yangu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupanga, na hapo ndipo nilipojifunza mengi. Kwenye lahajedwali kila mstari ulibeba neno, maana, mfano wa sentensi na chanzo cha mfano. Gazeti moja nilikuwa nimeliandika kwa tahajia tatu tofauti, kwa hiyo nilipotaka mifano yake yote nilipata theluthi nikadhani nimepata yote. Wazo la kugawa taarifa kwenye majedwali yanayohusiana lilitoka kwa Edgar F. Codd wa IBM mwaka 1970, na kwangu maana yake ilikuwa hii: jina la gazeti linaandikwa mara moja tu, kwenye jedwali la vyanzo, linapewa namba, na kila mfano unashika namba hiyo. Nilianza na majedwali matatu, maneno, mifano na vyanzo. Nikikosea jina la chanzo, narekebisha sehemu moja na mifano elfu mbili inarekebishika papo hapo. Na 7/8 imebaki 7/8, kwa sababu SQLite haijiamulii kugeuza maandishi kuwa tarehe.

Kutafuta neno kwa kidahizo, yaani umbo lake linaloorodheshwa kwenye kamusi, ni haraka mno. Ukiitangulizia amri yako maneno EXPLAIN QUERY PLAN, SQLite inakueleza itafanyaje kazi. Kabla sijaweka faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji, ilijibu "SCAN maneno", yaani itapita mstari kwa mstari toka wa kwanza hadi wa mwisho. Baada ya kuiwekea faharasa ikajibu "SEARCH maneno USING INDEX". Ni tofauti ya mtu anayesoma kamusi nzima akitafuta "tarishi" na mtu anayefungua moja kwa moja kwenye T.

Ugumu ulikuwa kwenye sentensi. SQLite ina kifaa chake cha kutafuta ndani ya matini, FTS5, na watu wengi wanakisifu. Kina mbinu ya kutafuta kwa mwanzo wa neno: ukiandika andik* kinakuletea kila neno linaloanza hivyo. Nikajaribu. Nikapata "andika" na "andikeni", basi. Ziko wapi "aliandika", "wameandikiana", "haikuandikwa", "tutawaandikisha"? Zilikuwa humo humo, lakini Kiswahili hubebesha kitenzi mzigo mbele: nafsi, wakati, mtendwa, vyote hutangulia, na mzizi hujificha katikati. Kifaa kinachoangalia mwanzo wa neno hakiwezi kuuona. Ipo pia njia ya kukata miishio ya maneno, lakini imetengenezwa kwa Kiingereza, haitufai.

Dawa niliipata kwenye toleo la 3.34 la SQLite na kuendelea, ambako FTS5 iliongezewa namna ya kukatakata maandishi kwa herufi tatu tatu. "Aliandika" inakuwa ali, lia, ian, and, ndi, dik, ika. Kila kipande kinaingizwa kwenye faharasa, kwa hiyo ukitafuta "andik" kinapatikana popote kilipo ndani ya neno. Mara ya kwanza nilipoendesha utafutaji huo na kuiambia iweke mabano kwenye sehemu iliyolingana, skrini ilijaa ali[andik]a, wame[andik]iana, haiku[andik]wa. Niliinuka nikatembea kidogo chumbani. Miaka yote nilikuwa natafuta umbo moja moja, nikibuni viambishi kichwani na kuogopa kuwa nimeruka kimoja.

Ina gharama zake. Faharasa ya namna hiyo hula nafasi kubwa, na haiwezi kutafuta kitu chini ya herufi tatu, kwa hiyo ukichunguza "na" au "za" itabidi urudi kwenye njia ya zamani ya kupita kila mstari. Tena inaleta wageni. Andik inaniletea "pandikiza" na "upandikizaji". Nikitafuta "lim" kwa ajili ya kilimo na mkulima, wanakuja pia mwalimu, ulimi, ulimwengu na mlima. Kwa hiyo nimeongeza jedwali la nne linalounganisha sentensi na neno lake halisi. Mashine inapendekeza, mimi nasoma, nathibitisha. Sioni njia ya kukwepa kusoma, na kwa kamusi sidhani kwamba inapaswa kukwepwa.

Neno moja kuhusu ng'. Nilitafuta "ng'ombe" nikapata nusu tu ya sentensi nilizozijua. Nusu nyingine zilikuwa na ile ritifaa iliyopinda (’) ambayo programu za kuandikia huweka zenyewe, na kwa kompyuta iliyopinda na iliyonyooka (') ni herufi mbili tofauti kabisa. Halafu mpangilio wa kawaida wa FTS5 unahesabu alama hiyo kuwa mpaka wa neno, hivyo ng'ombe anakatwa kuwa "ng" na "ombe". Nimeweka kichochezi (trigger), yaani amri inayojiendesha yenyewe, kinachobadilisha kila alama iliyopinda kuwa iliyonyooka pale sentensi inapoingia. Anayekusanya matini ya Kiswahili aifanye hii siku ya kwanza, asingoje kama mimi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni BEGIN na ROLLBACK, amri ya kuanza kundi la mabadiliko na amri ya kuyatengua yote. Jioni moja nimechoka, nikatoa amri ya kubadilisha ngeli ya kundi dogo la nomino, nikasahau kutaja ni zipi. Maneno yote 11,400 yakawa 9/10. Lakini nilikuwa nimeanza na BEGIN. Nikaandika ROLLBACK, na kila neno likarudi na ngeli yake kana kwamba sikugusa. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Kwenye nakala za akiba unahitaji uangalifu. Ukiiweka kwenye hali ya WAL, ambayo inaongeza kasi, mabadiliko mapya hukaa kwanza kwenye faili ya pembeni yenye jina linaloishia na -wal. Mimi nilinakili faili kuu peke yake wakati programu bado iko wazi, na nakala ikakosa kazi ya mchana mzima. Tumia amri ya .backup, au VACUUM INTO, wala usinakili kwa mkono. Pia anayeandika ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Kwangu si shida. Kama mko kumi mnaoingiza maneno kwa pamoja, nendeni PostgreSQL, hifadhidata nyingine inayotumia seva.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu moja. Ule uhusiano kati ya majedwali, yaani kuhakikisha kila mfano una chanzo kilichopo, kwa kawaida haulindwi. Lazima uandike PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho na hifadhidata. Sikujua. Nilifuta chanzo nilichodhani kimejirudia, SQLite ikakubali bila neno, na mifano 63 ikabaki yatima, ikiwa imeshika namba ya chanzo ambacho hakipo tena. Nimerudi kwenye madaftari ya mwanzo na 41 nimeshaipatia chanzo chake. Iliyobaki 22 ni sentensi nzuri, mbili kati yake ndiyo mifano pekee niliyonayo ya maneno yake, lakini siwezi kuiweka kwenye kamusi bila kusema ilitoka wapi.